Huruma ya Mfiwa: Usomaji wa Mathayo 14, Simulizi ya Marguerite Barankitse na Riwaya ya Petit Pays

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna huruma inayotolewa na mtu aliyefiwa inavyosimuliwa katika matini tatu: sura ya 14 ya Injili ya Mathayo, simulizi ya hadharani ya Marguerite Barankitse wa Ruyigi, na riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit Pays (2016), ambayo mandhari yake kuu ni jiji la Bujumbura. Usomaji uliozoeleka, mimbarini na katika hafla za kuwatunuku watu mashuhuri, huichukulia huruma ya mfiwa kuwa ithibati kwamba msiba wake umekwisha. Makala yanadai kwamba usomaji huo hauungwi mkono na matini zenyewe. Katika zote tatu, huruma huzaliwa ndani ya msiba, nao msiba huendelea kudai haki yake. Sehemu ya mwisho inaonyesha uzito wa jambo hili katika Burundi, ambako familia nyingi zimetakiwa kuhurumia na kusamehe kabla ya kupewa nafasi ya kulia.

1.0 Utangulizi

Maziko yanapokwisha Bujumbura, waombolezaji hawatawanyiki makaburini. Hurejea pamoja nyumbani kwa wafiwa au katika ukumbi uliokodishwa, hupewa kinywaji, na hotuba huanza. Warundi huithamini sana hotuba, ijambo kwa Kirundi, na hotuba ya msibani ina adabu zake. Msemaji wa familia huwashukuru waliohudhuria, huwapa pole waliosafiri kutoka mbali, huwakumbuka wagonjwa walioshindwa kufika, na huziombea familia nyingine zilizofiwa hivi karibuni. Aliyekuja kutoa pole hujikuta akipewa pole. Baadaye, mara nyingi mwaka mmoja hivi ukishapita, familia huwaita tena watu kwa ajili ya kuganduka, yaani kuondoa msiba rasmi na kurudi katika maisha ya kawaida.

Katika muda ulio kati ya maziko na kuganduka, mfiwa Mkristo hupimwa kwa kipimo kisichoandikwa popote. Akiwahudumia wageni kwa uso mkunjufu, husifiwa kwamba amejikaza na kwamba imani imemshindia. Akijifungia chumbani, hunong'onwa. Mhubiri naye huweza kumtolea mfano wa Yesu, aliyepata habari za kifo cha Yohana Mbatizaji na siku hiyohiyo akawaponya wagonjwa na kuwalisha maelfu. Mafundisho yake huwa mepesi kueleweka: kama Bwana alivyouweka kando msiba wake akawahudumia watu, nawe uuweke kando wako.

Makala haya yanauliza kama matini inayotumiwa kufundishia hivyo inasema hivyo. Swali ni la kihakiki kwa kuwa linahusu mpangilio wa simulizi: nini kinatangulia, nini kinafuata, na nini kinarudi. Ni swali la maisha pia, kwa sababu jibu lake huamua tunamdai nini jirani yetu aliyefiwa.

2.0 Kufiwa na Kuhurumia: Ushahidi wa Msamiati

Kitenzi kufiwa kimejengwa kwa kauli mbili. Kufa huzaa kufia, na kufia huzaa kufiwa: kauli ya kutendea kwanza, kisha kauli ya kutendwa. Kwa muundo huo, mfiwa ni mtu aliyefikiwa na tendo la mwingine. Hakutenda lolote, alitendewa kifo cha mpendwa wake. Desturi zetu zinaafikiana na sarufi hiyo. Mfiwa huketishwa, huletewa chakula, huamkiwa, huombewa, husemewa. Kuhurumia, kwa upande wake, ni kitenzi kinachomhitaji mtendaji. Ndiyo maana huruma ya mfiwa hutushangaza: mtu ambaye lugha na desturi vimemweka katika nafasi ya kupokea anaonekana akitoa.

Mshangao huo unapungua tukitazama asili ya neno huruma. Pamoja na ndugu yake rehema, limetokana na mzizi wa Kiarabu ambao pia umezaa neno la tumbo la uzazi. Kitenzi cha Kiyunani kinachotumiwa na Mathayo kina mzizi wenye maana ya matumbo, viungo vya ndani ya mwili. Lugha hizi mbili, zilizo mbali kwa nasaba, zimeiweka huruma tumboni. Kiswahili kimeuweka msiba pahali papo hapo kwa neno uchungu, ambalo husemwa kwa mwanamke anayejifungua na kwa mtu aliyepotelewa na mwanawe. Kwa hiyo, hatuna sababu ya kilugha ya kuudhani msiba na huruma kuwa mahasimu wawili wanaogombea kiti kimoja, ili mmoja akiingia mwingine atoke. Ushahidi wa msamiati, hata hivyo, hautoshi peke yake. Hebu tuitazame simulizi.

3.0 Mathayo 14: Chombo, Mkutano na Mlima

Habari ya kulishwa kwa watu elfu tano imo katika Injili zote nne, lakini mazingira yake hayafanani. Marko anasema kwamba Yesu aliondoka ili wanafunzi wake, waliokuwa wametoka katika utume, wapumzike. Luka naye anaihusisha safari hiyo na kurudi kwa mitume. Yohana hataji msiba wowote hapo. Mathayo peke yake anaifunga safari ya chomboni moja kwa moja na kifo cha Mbatizaji: wanafunzi wa Yohana wanauzika mwili wa mwalimu wao, wanakwenda kumpasha Yesu habari, naye anaposikia anaondoka kwa chombo kwenda mahali pasipo watu, peke yake. Mhakiki hawezi kuupita uamuzi huo wa kisanaa. Mathayo ametaka msomaji aione huruma inayofuata ikitoka kwa mtu aliyepokea habari za msiba na aliyetaka kuwa faraghani.

Makutano yanamfuata kwa miguu. Anaposhuka anawaona, anawahurumia na kuwaponya wagonjwa wao. Jioni wanafunzi wanashauri watu waagwe wakajinunulie chakula vijijini. Yesu anakataa, anawaambia wanafunzi wenyewe wawape watu chakula, kisha anawapa mikate waigawe. Mahubiri mengi hukomea hapa, penye vikapu kumi na viwili vya vipande vilivyosalia. Sura haikomei hapo. Mara baada ya chakula, Yesu anawalazimisha wanafunzi wapande chombo na kutangulia ng'ambo, anawaaga makutano, kisha anapanda mlimani kuomba. Mathayo anasisitiza kwamba jioni ilipoingia alikuwa huko peke yake, wala hawafikii wanafunzi wake ziwani hadi zamu ya nne ya usiku.

Ule upweke alioutafuta asubuhi katika chombo, na ambao makutano waliuvunja, ndio alioupata usiku mlimani. Huruma iliukatiza msiba, haikuufuta. Mpangilio wa sura ni wa hatua tatu: faragha inayotafutwa, huruma inayoikatiza, faragha inayorejeshwa. Anayefundisha hatua ya pili bila ya tatu amekata simulizi katikati.

Umbo la kitenzi katika Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, linatusaidia kuliona jambo hili. Tukio la ufukweni limesimuliwa kwa kiambishi -ka-: akaona, akawahurumia, akawaponya. Kama wanasarufi wanavyotufundisha, -ka- huonyesha kwamba tendo moja limefuata jingine. Hakisemi kwamba la kwanza limekwisha, wala kwamba la pili limelibatilisha. Mhubiri anapoeleza kwamba Yesu alikwisha kuushinda msiba wake ndipo akawahurumia watu, ameondoa -ka- na kuweka kikomo ambacho mwandishi hakukiweka.

Msomaji anaweza kupinga kwamba Yesu alipanda mlimani kuomba, na kwamba Mathayo hasemi alipanda kulia. Pingamizi hilo ni la haki, na hatudai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake usiku ule. Tunachodai ni kidogo zaidi na kinathibitika. Mwandishi yuleyule aliyetaja upweke wa chomboni kwa sababu ya habari za kifo ametaja upweke wa mlimani ndani ya sura ileile, baada ya kuhakikisha kwamba kila mtu ameondoka. Isitoshe, katika mapokeo ya Zaburi maombi na maombolezo hayatenganishwi. Kuomba si ushahidi kwamba mtu ameacha kuomboleza.

4.0 Barankitse na Simulizi ya Ushindi

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mauaji yakaenea nchini. Tarehe 24 ya mwezi huohuo, huko Ruyigi mashariki mwa Burundi, wauaji waliingia katika makao ya askofu ambamo Marguerite Barankitse, mwalimu aliyekuwa akifanya kazi hapo, alikuwa amewaficha watu. Barankitse ni Mtutsi. Waliojificha na waliouawa siku hiyo walikuwa Wahutu, na wauaji walikuwa Watutsi wenzake. Alifungwa kwenye kiti akalazimishwa kutazama. Kwa mujibu wa simulizi yake, watu 72 waliuawa mbele yake, naye akafanikiwa kuwanunua kwa fedha watoto 25 wasiuawe. Kutokana na watoto hao ikazaliwa Maison Shalom, Nyumba ya Amani, iliyowalea mayatima wa pande zote.

Simulizi hii imeenezwa kwa vitabu na hotuba, na imetambuliwa kwa tuzo, zikiwamo Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa (2005) na Tuzo ya Aurora (2016). Kitabu cha Christel Martin juu yake (2005) kinatangaza katika kichwa chake kwamba chuki haitakuwa na neno la mwisho. Hatupingi kauli hiyo. Ni kauli ya Kikristo inayosimama juu ya Pasaka. Tunachohakiki ni umbo ambalo simulizi imepewa na wasimuliaji wa hafla: usiku wa kifo, kisha mara moja watoto, kisha nyumba, hospitali, ukumbi wa sinema na bwawa la kuogelea, kisha jukwaa la tuzo. Ni mstari ulionyooka kutoka bondeni kwenda kileleni. Ndani ya mstari huo wale 72 wanakuwa utangulizi wa kazi njema iliyofuata, na mwanamke aliyewaona wakifa hana mahali pa kuketi na kuwalilia.

Sehemu ya maisha yake inayofuata inauvunja mstari huo. Mwaka 2015, katika msukosuko wa kisiasa uliofuata tangazo la muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, Barankitse aliikimbia Burundi. Shughuli za Maison Shalom nchini zilifungwa. Aliyejenga nyumba ya mayatima akawa mkimbizi Rwanda, na huko akaanza upya kuwahudumia wakimbizi Warundi, kwa kufungua kituo cha jumuiya Kigali. Kama huruma yake ya 1993 ingekuwa ushindi uliokwisha kupatikana juu ya msiba, hatungekuwa na namna ya kuisoma ile ya 2015 isipokuwa kama marudio ya ajabu. Lakini tukiisoma kwa mpangilio wa Mathayo, inaeleweka. Huruma yake haikuwa zawadi anayopewa mtu akishamaliza kuomboleza. Ilimjia akiwa amepoteza, ikamjia tena alipopoteza tena.

Mfano wa pili unathibitisha hoja hii. David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki, alinusurika katika mauaji ya Oktoba 1993 huko Kwibuka, karibu na Gitega, ambako wanafunzi wake waliuawa. Pamoja na Lon Fendall aliandika kitabu Unlocking Horns (2001) juu ya msamaha na maridhiano, na mwaka 2000 alianzisha shirika la THARS. Shirika hilo halikupewa jina la ushindi. Lina neno maridhiano, lakini kabla yake limetaja kuponywa kwa majeraha ya nafsi. Kukitaja kidonda katika jina la kazi ni kukiri kwamba anayewahudumia waliojeruhiwa anaijua hali yao kutoka ndani.

5.0 Petit Pays: Mwana Akaaye

Riwaya ya Gaël Faye si kitabu cha ibada, na hatukusudii kuibatiza. Tumeichagua kwa sababu inaipima hoja yetu pahali ambapo hakuna mhubiri wala tuzo. Msimulizi wake, Gabriel, ni mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, Yvonne, wanaoishi Bujumbura katika miaka ya mwanzo ya 1990. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Yvonne anakwenda Rwanda kuwatafuta jamaa zake. Katika nyumba ya Eusébie mjini Kigali anaikuta miili ya watoto, na anajaribu kuyafuta madoa waliyoyaacha sakafuni, nayo hayatoki. Kitendo hicho ni cha huruma kwa wafu ambao hawakupata mazishi ya heshima. Ni huruma ya mwisho tunayomwona akiitenda kwa ukamilifu.

Akirudi Bujumbura, Yvonne hapati mlima. Jiji lenyewe linaingia katika vita. Mitaa inagawanywa kikabila, na siku za kufungwa kwa jiji huwazuia watu majumbani. Hakuna anayejua la kufanya na msiba wake. Usiku humwendea binti yake mdogo, Ana, akamsimulia aliyoyaona, hadi msiba unageuka kuwa mzigo juu ya mtoto. Wasomaji wamezoea kumtazama Yvonne kama mtu aliyepoteza akili, na riwaya inawapa sababu. Twapendekeza kumsoma pia kama mfiwa aliyenyimwa muda na mahali. Simulizi yake haikuwa na wazee wa kuipokea, wala mkesha, wala siku ya kuganduka. Ikamwangukia aliye dhaifu kuliko wote nyumbani.

Miaka mingi baadaye Gabriel, sasa mtu mzima aishiye Ufaransa, anarejea Bujumbura. Katika baa ya mtaa wao wa zamani anamsikia mwanamke mzee akizungumza na vivuli, akatambua kuwa ni mama yake. Mama anamgusa uso na kumwita kwa jina la mmoja wa wale watoto waliokufa. Riwaya inaishia kwa uamuzi mdogo: mwana atakaa, amtunze mama. Haahidi kwamba atapona. Hajui atafanya nini na maisha yake. Gabriel mwenyewe ni mfiwa, wa baba, wa marafiki, wa utoto na wa mama aliye hai mbele yake asiyemtambua. Huruma yake haina kilele. Ni kukaa tu. Hata hivyo, kati ya huruma zote katika riwaya, hii ndiyo msomaji anayoiamini, kwa sababu mwandishi hakumdai Gabriel aache kuumia ndipo astahili kumtunza mama yake.

6.0 Mjadala: Nani Anaulinda Mlima?

Tunaweza sasa kulirudia swali la utangulizi. Mfiwa anayewahurumia wengine hajaumaliza msiba wake, na matini tulizozisoma hazimtaki aumalize. Je, hoja hii inampa mfiwa ruhusa ya kuwafukuza makutano? Hapana. Yesu hakukataa kushuka chomboni, na wanafunzi waliopendekeza watu waondoke na njaa walisahihishwa. Imani ya Kikristo inaendelea kumdai mfiwa upendo wa jirani. Lakini sura ileile inawadai makutano nao jambo moja: washibapo, waondoke. Nao wanafunzi inawadai mawili: wagawe mikate, kisha wapande chombo. Mfiwa wa Mathayo hakuwahudumia watu elfu tano kwa mikono yake peke yake, wala hakukaa na wageni mpaka alfajiri.

Katika Burundi jambo hili lina uzito usio wa majumbani tu. Katika mauaji ya 1972, ambayo kwa sehemu kubwa yaliwalenga Wahutu, watu walichukuliwa wasirudi, miili ikafukiwa katika makaburi ya halaiki, na familia zao hazikuweza kuwalilia hadharani. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu 6,032 yalikuwa yamepatikana katika makaburi sita ya halaiki mkoani Karusi pekee. Familia za Watutsi waliouawa Oktoba 1993 nazo zina makaburi yao na maswali yao. Mtoto wa 1972 ambaye hakuona mwili, hakuketi matangani na hakuganduka, ameishi zaidi ya nusu karne akisikia mahubiri ya msamaha. Huenda amesamehe kweli. Wapo wengi waliofanya hivyo, na ushuhuda wao ni wa kuheshimiwa. Lakini asiyemruhusu kulia, kisha akamdai huruma, anamdai kwa jina la Injili kitu ambacho Injili haikumdai hata Bwana wake.

Kwa hiyo, uhakiki huu unaelekezwa pia kwa wasomaji wa hadharani: wahubiri, waandishi wa wasifu, watunukiwa na watunukuji. Simulizi ya mfiwa mwenye huruma haipaswi kusimuliwa bila mlima wake. Anayesimulia kazi ya Barankitse na asitue kwa wale 72 amewatumia wafu kama ngazi. Anayehubiri Mathayo 14 na akakomea kwenye vikapu amewafundisha waumini wake kuwa makutano wasiojua kuaga.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika Mathayo 14, katika maisha ya Marguerite Barankitse na katika mwisho wa Petit Pays, huruma ya mfiwa ni tendo linalofanyika msiba ukiwa bado haujakwisha, na kwamba wasimuliaji wanapoigeuza kuwa dalili ya ushindi wanaiharibu matini na kumzidishia mfiwa mzigo. Kiswahili kimetupa chombo cha kuisimulia vyema: kile kiambishi -ka-, kinachoyafuatanisha matendo bila kuyafuta yaliyotangulia. Alifiwa, akahurumia, akaenda kulia. Katika hotuba za matanga ya Bujumbura, ambamo mfiwa husimama kuwapa pole wageni wake, sehemu ya kwanza na ya pili ya sentensi hiyo husikika kila mara. Ya tatu inabaki mikononi mwa wageni: wamwachie njia apande.